Polisi Wakifunga Saiti ya Muvi, Inaisha Kweli? Maswali Mnaniuliza Kila Siku Hapa Nakuru

Niko na saiba ndogo upande wa Free Area, wale wa zamani mnaijua kama duka la muvi. Kila mara kukitoka habari ati polisi wa nchi fulani wamevamia saiti fulani, naanza kuletewa simu hapa kaunta kama mtu ameleta mtoto mgonjwa, "hebu angalia hii imekuwa nini." Nimejibu hadi mdomo umekauka. Nimeandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia linki tu na usikasirike.

Saiti yenye nilikuwa nacheki muvi imefunguka na nembo ya polisi. Itarudi ama niisahau?

Inategemea walishika nini. Saiti iko na jina, iko na mashine mahali, na iko na mtu. Jina ndio ile domeini unaandika pale juu, na hiyo wakiichukua peke yake mwenye saiti ananunua ingine kwa pesa kidogo tu na kufika jioni ashawaambia watu kwa Telegram. Wakibeba mashine, swali ni kama alikuwa na bakapu, na hawa watu huwa nazo kuliko hata maofisi zenye nimewahi kuwatengenezea kompyuta. Wakimshika mtu mwenyewe, yule mwenye paswadi na akaunti za pesa, hapo ndio utasikia kimya ya ukweli.

Shida ni kwamba ile nembo haikuambii ni gani kati ya hizo imeshikwa. Ngoja kama wiki mbili. Na tafadhali usikimbilie zile kopi zinatokea kesho yake na jina linafanana, nyingi hazina muvi hata moja, ziko na kitufe kikubwa cha kijani, na mwenye amebonyeza ndio huyo ananiletea laptopu Jumatatu.

Kwani hiyo Pirate Bay imevamiwa mara ngapi na bado iko?

Hiyo ni saiti ya Sweden ya torenti, ile njia ya watu kugawana mafaili wao kwa wao, naieleza hapo chini. Imevamiwa mara mbili kubwa. Ya kwanza 31 Mei 2006, polisi kama 65 waliingia mahali seva zilikuwa Stockholm wakabeba kila kitu, hadi mashine za wateja wengine wenye hawakuwa hata kwa hiyo maneno, biashara za watu zikazima hivo tu. Siku tatu hazijaisha vizuri saiti imerudi, na sasa inajulikana hadi na watu wenye hawakuwa wamewahi kusikia torenti, juu ilikuwa kwa kila gazeti. Hakuna matangazo ya bure kama hayo.

Halafu kortini. 17 Aprili 2009 watu wanne walihukumiwa mwaka mmoja mmoja jela na fidia ya kroni milioni 30 za Sweden, kwenda rufaa watatu wakapunguziwa kifungo lakini fidia ikapanda hadi milioni 46. Sasa angalia hii: wakati huo wote, kesi inaendelea, majaji wanasoma, mawakili wanalipwa, saiti inafanya kazi kama kawaida. Ilikuwa kama kumshtaki mwenye matatu huku matatu yenyewe iko Gilgil inabeba abiria.

Ya pili ilikuwa 9 Desemba 2014, hapo Nacka karibu na Stockholm, na hiyo iliuma kidogo, saiti ikalala hadi 31 Januari 2015. Lakini hata kwa hizo wiki watu wa isoHunt, saiti ingine ya torenti, walishatoa kopi yake watu wakaendelea.

Kitu watu hawajui ni venye ilikuwa imejikondesha mapema. Mwaka wa 2012 waliacha kuweka mafaili ya torenti wakabaki na zile linki fupi za magneti, zenye zinasaidia tu kutafuta nani ako na faili, na kuna mtu alipakia orodha yote ikaingia kwa kama MB 90. MB 90! Juzi nimemwekea mtu video ya ruracio (sherehe ya mahari) kwa flashi, dakika ishirini tu za wazee wakiongea, na ilikuwa zaidi ya mara kumi ya hiyo. Mwaka huohuo wakahamia seva za kukodisha zilizotawanyika. Sasa polisi wa kubeba magunia atabeba nini.

Torenti inafanya aje hadi haishikiki?

Wale wa Chuo Kikuu cha Egerton mtanielewa haraka. Lekchara ametoa noti kurasa mia moja. Wewe uko na kurasa kumi za kwanza, rafiki yako ako na kumi za mwisho, mwingine ako na za katikati, mnakuja hapa kwangu kila mtu anatoa fotokopi ya zile zake anampa mwingine huku akichukua zile hana. Baada ya saa moja kila mtu ako na zote na hakuna mwenye alizitoa zote peke yake. Lekchara anaweza hata kurudi kwao na noti zake, haisaidii.

Ile ya zamani, Napster, ilianza 1999 na ilikuwa tofauti: nyimbo zilikuwa kwa kompyuta za watu lakini daftari ya kusema nani ako na nini ilikuwa moja, kwao. Ni kama kiongozi wa darasa ndio pekee anajua nani ako na ukurasa gani. Mfukuze kiongozi, darasa lote limepotea. Ndio maana korti ya Marekani iliweza kuizima, Julai 2001 ikafungwa na haikurudi vile ilikuwa. Sasa mwaka huohuo wa 2001 ndio BitTorrent ilitoka, na ukiniuliza mimi, waliounda vitu vilivyofuata wote walisoma kutoka kwa kile kilichoiua Napster. Kila uvamizi umekuwa kama somo la bure.

Kuna zenye zilikufa kabisa?

Ziko, na watu wa "haiwezekani" huwa hawapendi kuzitaja.

Megaupload, saiti ya watu kuweka mafaili yao, ndio mfano mkubwa. 19 Januari 2012 Wamarekani waliikamata, na mwenyewe, Kim Dotcom, akavamiwa nyumbani kwake New Zealand na helikopta. Mashtaka yalisema ilikuwa na watu milioni 150 wamejiandikisha. Ikafa, haikurudi, juu mafaili yote yalikuwa kwa mashine zao, sio kwa kompyuta za watu. Lakini hesabu gharama. Waziri wa sheria wa New Zealand alisaini apelekwe Marekani Agosti 2024, hiyo ni zaidi ya miaka 12 baada ya helikopta, na bado jamaa akaendelea kupinga. Halafu kuna watu walikuwa wameweka mafaili yao halali pale, kazi, picha za familia, yakaenda na maji.

KickassTorrents pia. Julai 2016 mtu mwenye walisema ndio mwenyewe alishikwa Poland, majina yakachukuliwa, na ile ya asili ikaishia hapo. Hii ndio napenda kuwaambia vijana wenye wanajiona wajanja: kulingana na karatasi za mashtaka, moja ya vitu vilivyomchoma ni kwamba anwani ya IP iliyonunua kitu kwa iTunes ndio hiyohiyo ilikuwa imeingia kwa ukurasa wa Facebook wa saiti. Yaani anaendesha saiti kubwa zaidi ya torenti duniani, halafu ananunua kwa duka halali na akaunti yake. Hata mimi nilicheka.

Lakini wateja wake walienda wapi? Walifunga milango yao wakaacha? Wewe unajua.

Na hizi za kustrimi bila kudaunlodi, si ndio rahisi kufunga?

Rahisi kiasi, juu kuna mtu anaziendesha kama biashara na pesa inaingia mahali. Agosti 2024 polisi wa Hanoi pamoja na muungano wa makampuni ya filamu, ACE, walitangaza wameangusha Fmovies na ndugu zake, saiti zenye zilikuwa zimetembelewa zaidi ya mara bilioni 6.7 kati ya Januari 2023 na Juni 2024. Watu wawili wakashikwa. Hapa kwangu hiyo wiki nilipata maombolezo kama ya matanga. Wiki iliyofuata kila mtu alikuwa na ingine na hakuna mwenye alikumbuka kuomboleza.

Ya mwaka 2025 ilikuwa kichekesho zaidi. Polisi wa Misri walishika watu wawili nje ya Cairo, ikatangazwa Streameast ya mpira imekwisha, majina 80, zimetembelewa mara bilioni 1.6 kwa mwaka. Siku hizohizo ile ingine yenye inaitwa jina hilohilo ikasema hao walikuwa waigaji, sisi tuko, na ikaendelea kuonyesha mechi. Hata maharamia wanaibiwa jina.

Mpira nao? Si hawa wa mechi ndio wanashikwa sana siku hizi?

Ndio, na hapa nawapa polisi nafasi kubwa kuliko kwa muvi. Muvi unaweza kuitazama mwezi ujao. Mechi ni dakika tisini, ikikatika dakika ya sabini na Arsenal wako nyuma, hiyo imeisha, hakuna mtu atatafuta marudio saa tisa usiku. Uingereza tangu 2017 Premier League wamekuwa na amri ya korti ya kufunga seva wakati mechi inaendelea, sio kesho yake. Na wale wanauza laini za IPTV, yaani TV ya kupitia intaneti, wanaumia kweli: mwaka wa 2023 huko Uingereza watu watano walifungwa jumla zaidi ya miaka 30, mkubwa wao peke yake 11, kwa kuuza mechi kwa pauni kumi kwa mwezi. Hao walikuwa na wateja zaidi ya 50,000. Biashara yenye ina orodha ya wateja na malipo ya kila mwezi inaacha nyayo kila mahali, usishangae ikifuatwa.

Lakini haraka nayo iko na hasara yake. Italia waliunda mtambo unaitwa Piracy Shield, ulianza 2024, unataka watoa huduma wa intaneti wafunge saiti ndani ya dakika 30 bila kuuliza sana. Oktoba mwaka huohuo ukafunga Google Drive. Nchi nzima watu wanatafuta mafaili yao ya kazi Jumamosi usiku juu ya mechi ya mpira.

Hapa kwetu mimi naona adui wa laini za wizi si polisi, ni kibanda. Unalipa hamsini, skrini kubwa, kelele, mandazi. Mtu analipa tena kwa furaha.

Safaricom wanaweza kulazimishwa kufunga saiti hapa Kenya ama hii ni mambo ya wazungu?

Sheria iko. Sheria ya Hakimiliki ni ya 2001, na 2019 waliiongeza vipengele vya mwenye kazi kuandikia mtoa huduma wa intaneti notisi ya kuondoa au kufunga, na kama notisi haijapingwa anafaa afanye ndani ya saa 48 za kazi. MultiChoice, wale wa DStv, walienda nayo Mahakama Kuu Nairobi dhidi ya Safaricom na kampuni ya intaneti ya Jamii Telecommunications juu ya saiti za mechi, na 2022 korti ikaamuru saiti zaidi ya arobaini zifungwe. Kwa hivyo usiniambie haiwezekani, imewezekana.

Kama unauliza imefanya nini, mimi niko hapa kaunta kila wikendi ya ligi na naona simu za watu. Mtoa huduma akifunga kwa njia ya kawaida, kompyuta yake inakataa tu kukuambia jina hilo liko wapi. Ni kama konda amekataa kukuonyesha nyumba, nyumba bado iko.

Nikipatikana na muvi kwa simu yangu ntashikwa?

Mimi sio wakili. Sheria yetu imewekea uzito mwenye kutengeneza kopi za kuuza, huyo anaweza kupigwa faini hadi shilingi laki nne au jela hadi miaka kumi au zote mbili, na inaongea juu ya kuwa na kopi "isipokuwa kwa matumizi ya nyumbani." Haimaanishi ni halali kudaunlodi, inamaanisha tu sio wewe na simu yako ndio wanatafuta kwanza. Mwenye duka ndio wanatafuta. Najua.

Mbona wasishike tu wenye wanatazama? Watu wangeogopa.

Wamejaribu, na ni sehemu ya hadithi yenye imenionyesha wazi kwamba njia hiyo haifiki. Makampuni ya muziki Marekani kati ya 2003 na 2008 yaliwashtaki watu kama 35,000. Mama mmoja wa Minnesota, nyimbo 24 tu, akaishia na hukumu ya dola 222,000. Fikiria kulipa zaidi ya dola elfu tisa kwa wimbo mmoja. Watu hawakuogopa vile walitarajia, walichukia makampuni, na 2008 wakaacha wenyewe.

Sweden ilikuwa na siku moja nzuri. 1 Aprili 2009 sheria mpya ilianza ya kuruhusu wenye kazi kupata majina ya watumiaji kupitia korti, na siku hiyohiyo trafiki ya intaneti ya nchi ikashuka kama theluthi moja. Theluthi ya nchi nzima! Ukiona hiyo grafu utasema wameshinda. Baada ya miezi imepanda tena. Wakati huohuo kuna kampuni ya hapohapo Sweden, Spotify, ilikuwa imefunguliwa Oktoba 2008 na haikumtisha mtu yeyote, ilifanya tu kuwe rahisi kubonyeza wimbo kuliko kuutafuta kwa wizi. Vijana wenye walikuwa wakiipigia makofi Pirate Bay ndio walienda huko.

Si wewe mwenyewe ulikuwa unauza muvi? Hukuwahi kushikwa?

Hili swali linakujanga na kicheko. Sawa.

Nilianza na diski, zile za muvi kumi na mbili kwa moja, natoa mzigo River Road nauza hamsini. Halafu nyaya za baharini zikafika Mombasa 2009, intaneti ikawa na nguvu, nikanunua hadidiski kubwa na nikawa nadaunlodi usiku nauza mchana, muvi mbao (shilingi ishirini), sirizi nzima hamsini, leta flashi. Wanafunzi walikuwa wanapanga laini hadi nje. Nililipa karo ya ndugu zangu wawili na hiyo hadidiski, sitadanganya.

Walikuja mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nimeenda kukunywa chai, kijana wangu akawa peke yake, wakaingia wanne na magunia, wakauliza stika za hakimiliki ziko wapi, stika hakuna, wakabeba diski zote na CPU na hata spika ambayo haikuwa na kosa lolote. Kijana akalala ndani usiku mmoja. Mimi nikaenda nikaongea, nikatoa kile nilitoa, wacha hapo, sitaji ofisi wala cheo. Siku ya tatu nilikuwa nimefungua tena na CPU ya kukopa, hadidiski yenyewe ilikuwa nyumbani chini ya kitanda na hawakuwahi kuiona. Miaka mingi baadaye nikisoma ile ya Sweden, siku tatu, nilijiambia kumbe hii kitu ni ileile kila mahali.

Ya pili waliniharibia zaidi, walibeba na risiti za fotokopi. Wiki moja. Nikarudi na bei ikapanda shilingi tano kufidia hasara. Hakuna mteja aliniuliza kwa nini.

Sasa sikiliza chenye kiliniua. Netflix iliingia Kenya Januari 2016 na sikuogopa hata kidogo, juu ilikuwa inataka kadi ya benki na watu wangu ni wa M-Pesa. Lakini bando zikaanza kushuka, ploti zikaanza kuwekewa waifai, mmoja analipa na kumi wanatumia, paswadi moja ya binamu yako wa Nairobi inazunguka familia nzima. 2021 Netflix wakaweka hadi mpango wa bure kwa simu za Android hapa Kenya, wakautoa mwishoni mwa 2023, na wakashusha ule wa simu wa kulipia hadi shilingi 200. Wenye hawakutaka kulipa wakahamia Telegram na hawakunihitaji pia. Siku moja nilifunga saa tatu usiku nikahesabu, nimeuza muvi nne. Nne, na moja ilikuwa deni. Nikaondoa ile bango nikaweka ya KRA na eCitizen, mambo ya ushuru na huduma za serikali.

Kwa hivyo ulikuwa mwizi?

Nitakujibu na kitu kimoja kilitokea. Mama mmoja wa kwaya ya kanisa kutoka upande wa Njoro aliingia, akaangalia rafu, akatoa DVD, akalipa hamsini yake kama mteja. Akasimama hapo ameishika. Akaniambia pole pole, "Kijana yangu, hiyo sauti ya kwanza ni yangu." Walikuwa wamechanga pesa mwaka mzima kurekodi, wamekodisha hadi mahali pa kupiga video kando ya Ziwa Nakuru, na walikuwa wanauza mia mbili baada ya misa. Mimi nilikuwa nauza hamsini mbele ya stendi, kila mtu anapita hapo kabla ya kufika kanisani.

Nilimrudishia hamsini, akakataa kuichukua.

Tangu hiyo siku sikuweka kitu cha msanii wa hapa, kwaya, wale wa Kalenjin, wale wa Kikuyu, muvi za vijana wa Nairobi, hapana. Ile ya Hollywood niliendelea, na najua hiyo haina mantiki ukiniuliza vizuri. Lakini sikuwahi kuona polisi wakiingia duka lolote kuuliza juu ya kwaya. Mara zote mbili walikuwa na karatasi ya kampuni kubwa. Hilo ndilo huniudhi kwa hii mjadala, msako unaenda kwa mwenye ako na wakili, na yule wa Njoro ndiye hawezi kungoja miaka 12 ya korti.

Hizi saiti za bure zinapata wapi pesa?

Matangazo, na kwa nyingi ni kamari na madirisha ya kuruka. Mara nyingine ni kampuni halali yenye haijui hata tangazo lake limefika huko, juu linapitia mawakala watatu wanne katikati.

Hapa ndio naona kuna akili kuliko helikopta. Polisi wa jiji la London wana kitengo cha haki miliki kilianza Septemba 2013, kinaitwa PIPCU, na moja ya kazi yao ni kuweka orodha ya saiti za wizi wakiwapa wenye matangazo ili wasilipe huko. Saa zingine mahali pa tangazo panatokea onyo la polisi badala ya blonde anayekutaka. Haifungi saiti. Inaifanya ikose unga. Mtu wa kujitolea anaweza kuendelea bila pesa lakini mtu wa biashara hawezi, na saiti nyingi za kustrimi ni za mtu wa biashara.

VPN inaniokoa?

Hiyo ni apu ya kupitisha intaneti yako kwa kompyuta ya mtu mwingine. Inamficha mtoa huduma wako unaenda wapi, lakini sasa unamwamini huyo mtu mwingine badala yake. Zile za bure ndio unaziamini na nini hasa? Songa.

Sasa sema wazi, polisi watawahi kushinda ama hapana?

Kufunga saiti moja fulani, ndio, wakimpata mwenyewe na mashine na pesa pamoja, na hiyo itatokea tena na tena. Kufanya mechi ya wizi iwe na usumbufu hadi mtu alipe hamsini ya kibanda, pia ndio, na nadhani hapo wanaelekea. Kumaliza watu kutazama bure, sioni, na sio kwa sababu polisi ni wazembe. Nimekaa upande ule mwingine wa kaunta miaka zaidi ya kumi. Mteja hakuwa ananiuliza kama ni halali, alikuwa anauliza iko na sabutaitoli, iko klia, ni pesa ngapi. Nilipobebwa diski alienda kwa jirani yangu. Jirani alipobebwa alirudi kwangu. Tulipobebwa sote wawili alingoja hadi Ijumaa.

Na kama kuna mkubwa wa kampuni ya filamu anasoma, M-Pesa, bei ya siku moja, na msituletee hiyo sirizi miezi mitatu baada ya Marekani.

Bado unawekea watu muvi kwa flashi?

Hapana. Fotokopi ni tano, kuprinti ni kumi, rangi ni thelathini. KRA ni mia mbili na ukuje na paswadi yako, usiniambie umesahau.